Karura, Arboretum, Ngong au katikati ya jiji: matembezi gani ya Nairobi yanakufaa?

Kila mgeni anayefikia kwangu Nairobi, chai haijaisha kikombeni, ameshauliza: kesho tunatembea wapi? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa Karura, mgeni awe nani. Kisha akaja shangazi yangu, ambaye goti moja humsumbua, nikampeleka Karura hadi kwenye maporomoko. Kuteremka aliteremka vizuri. Kupanda tulipumzika mara tano, na mara ya tano akaniambia, "Mwanangu, msitu huu ni mzuri, lakini hukuniuliza." Alisema kweli. Tangu siku hiyo simtajii mtu njia kabla ya kumuuliza mambo matatu: una saa ngapi, unaenda na nani, na mvua imenyesha wiki hii?

Hapa nalinganisha njia nne ambazo nimezipita mara nyingi. Mbili zina kivuli, moja ina upepo, na moja ina lami. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Hata hivyo nina maoni yangu, nami nitayasema waziwazi.

Kivuli: Karura au Arboretum?

Hizi mbili ndizo watu huzichanganya, kwa sababu zote ni miti ndani ya jiji. Ukubwa wake lakini haukaribiani. Karura ina takriban hekta 1,000 na zaidi ya kilomita 50 za njia. Arboretum ina hekta 30. Arboretum utaizunguka yote kwa saa moja, huku ukisimama kusoma majina ya miti. Karura unaweza kwenda kila Jumamosi kwa miezi kadhaa na bado ukakuta kona usiyoijua.

Tuanze na iliyo ndogo. Arboretum iko kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji, jirani na Ikulu, na ukiwa na nguvu unafika kwa miguu. Ilianzishwa 1907, wakati garimoshi lilikuwa likila kuni. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka katika ardhi hii ili reli isikose kuni, ikaanza kuijaribu hapo. Ndiyo maana leo unatembea kati ya miti ya Australia, Asia na Amerika iliyosimama bega kwa bega na ya kwetu, zaidi ya aina 350, mingi ikiwa na kibao cha jina. Ukimpeleka mtoto anayejifunza kusoma, mpe kazi ya kutafuta vibao na hutamsikia akilalamika kuchoka.

Uzuri mwingine wa Arboretum ni kwamba unaweza kukaa. Kuna nyasi na viti, na watu huja kuomba, kwaya huja kufanya mazoezi, wanafunzi huja na vitabu vyao. Kwa hiyo usiichague ukitafuta ukimya, hasa Jumapili alasiri. Na chakula chako kikae ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu tumbili wa pale wanaujua mfuko wa mkate kuliko anavyoujua mwenye duka. Jambo moja la kuzingatia: usielekeze kamera upande wa Ikulu. Hairuhusiwi.

Karura ni habari nyingine. Ukiingia kwa geti la Limuru Road, mkabala na ubalozi wa Ubelgiji, dakika kumi tu na kelele za magari zinapotea. Kila makutano ya njia yana nguzo yenye namba. Piga picha ya ramani iliyoko getini, kisha tembea kwa namba. Wanaopotea Karura karibu wote ni wale waliodharau ramani. Kwa mara ya kwanza nashauri njia inayofuata mto Karura: inakupitisha kwenye mapango ambayo yanahusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na kwenye maporomoko ya mita 15 hivi ambayo baada ya mvua hunguruma kwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiwa na muda zaidi, tafuta ziwa dogo la mayungiyungi. Kuna pia tanuri ambamo Benki Kuu ilikuwa ikichoma noti zilizochakaa. Watoto hulipenda sana hilo, hawaamini kwamba pesa huchomwa.

Miti yenyewe ina mpangilio ambao mtu akiufahamu msitu unabadilika machoni pake. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi, tena kwa sababu ileile ya kuni za reli. Sehemu nyingine bado ni msitu wa asili, na humo utakuta muhugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago waliupenda mno hadi ukawa adimu katika misitu mingi. Ukitoka kwenye mikaratusi ukaingia penye miti ya asili, hewa inakuwa baridi ghafla na ndege wanaongezeka. Angalia juu: kuna kima, na kuna mbega wenye manyoya meupe mabegani, waliorudishwa humu kutoka upande wa Nyandarua. Mimi hupenda kusimama hapo kwenye mpaka wa misitu miwili, hatua tatu huku, hatua tatu kule.

Haifai kuzungumzia Karura bila Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu huu vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti, wakapigwa na vijana waliokodiwa. Msitu ulibaki. Miaka mitano baadaye, 2004, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hata baada ya msitu kuokolewa watu waliuogopa, kwa sababu ulikuwa maficho ya wahalifu. Kilichobadilisha hali ni uzio wa umeme na askari wa doria, kazi iliyofanywa na wakazi walioungana katika chama cha Marafiki wa Karura pamoja na Huduma ya Misitu. Leo utawakuta wanawake wakikimbia peke yao asubuhi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha usalama ninachokiamini.

Kwa hiyo: mwenye saa moja, mzee, au mwenye mtoto ambaye bado anabebwa, aende Arboretum. Mwenye nusu siku na miguu mizima aende Karura. Anayetaka kuendesha baiskeli au kutembea na mbwa pia ataipenda Karura, mradi mbwa awe kwenye kamba. Lakini ikiwa mvua imenyesha siku tatu mfululizo, fikiria tena. Udongo wa Karura ni mwekundu na mzito, unashika kiatu kwenye tambarare na unateleza kwenye mteremko. Arboretum haikusumbui hivyo.

Upepo: Ngong

Ukiwa Nairobi siku isiyo na mawingu, tazama kusini-magharibi. Vile vilima vinavyofanana na vifundo vya ngumi iliyokunjwa ndivyo Ngong. Jina linatokana na Kimaasai, enkong'u emuny, chemchemi ya kifaru. Kutoka jijini ni kama kilomita 25. Panda matatu ya 111 hadi mji wa Ngong, kisha boda boda ikufikishe getini.

Tofauti ya kwanza na misitu ni kwamba hapa hakuna pa kujificha. Unatembea juu ya kigongo kilicho wazi, kilima baada ya kilima, kushuka na kupanda, kati ya kilomita 10 na 13 ukienda mwanzo hadi mwisho, kutegemea unapoanzia. Kushoto kwako kuna jiji, maghorofa madogo kama punje za mchele. Kulia ardhi inaanguka ghafla na Bonde la Ufa linafunguka, kahawia na buluu, hadi macho yachoke. Nimetembea sehemu nyingi za nchi hii na sijaona mahali pengine ambapo mtu anaweza kusimama na kuona jiji kuu kwa jicho hili na Bonde la Ufa kwa jicho lile.

Mwanzoni utapita karibu na vinu vya upepo. Viwili vya kwanza viliwekwa 1993, na tangu 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imeongeza vingine hadi uwezo wa jumla kufikia megawati 25.5. Ukisimama chini ya kimoja unasikia mabapa yakikata hewa, vuu, vuu, na unaelewa kwa nini walichagua mahali hapa: upepo unaopanda kutoka bondeni haupumziki. Upepo huohuo utakudanganya. Hutahisi jua, na jioni utakuta uso na shingo vimeungua. Vaa kofia inayofungwa kidevuni, maana ile ya kawaida itaondoka.

Watu wengi hukosea katika kugawa nguvu. Vilima vya mwanzo vinaonekana vikali, wanavimaliza kwa fahari na mbio, halafu wanagundua kwamba kilele cha juu kabisa, Lamwia, chenye mita 2,460, kiko karibu na mwisho. Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700, kwa hiyo hata mkazi wa jiji atahisi pumzi ikipungua, na mgeni kutoka Mombasa ataihisi zaidi. Tenga saa nne hadi tano. Beba maji ya kutosha kutoka mjini, angalau lita mbili kila mtu, kwani kigongoni hakuna bomba wala duka.

Kuhusu askari wa misitu: getini unaweza kuomba wakusindikize, kwa malipo. Wapo wanaokwenda bila msindikizaji, hasa vikundi vikubwa. Mimi huomba kila mara. Kigongo ni kirefu, kimetengana na watu, na zamani wapandaji waliwahi kuporwa huko. Pia askari anajua ni wapi nyati hupenda kulala. Ukiwa peke yako, Ngong si yako siku hiyo. Ungana na kundi au nenda Karura.

Muda mzuri ni Januari na Februari, hewa ikiwa kavu na bonde likionekana hadi mbali. Julai na Agosti ukungu unaweza kukaa kigongoni hadi saa tano asubuhi na ukakosa kile ulichofuata. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei nyasi ni kijani kibichi, nzuri mno kwa picha, lakini mteremko wa mwisho kuelekea Kona Baridi unateleza vibaya. Nimewahi kuushuka nimekaa. Ukifika Kona Baridi umefika kwenye barabara ya Magadi, na huko chini Kiserian nyama choma inakungoja. Hapo ndipo utakapojua kama matembezi yalikuwa mazuri: kama watu wanazungumza au wanakula kimya.

Ukipima Karura na Ngong, Karura inakupa mambo mengi madogo: pango, mto, mbega, kivuli. Ngong inakupa jambo moja kubwa, na inakudai zaidi kwa hilo. Mtu ambaye hajawahi kutembea zaidi ya kilomita tano kwa mpigo aanze Karura, aende mara tatu nne, kisha apande.

Lami: kutoka stesheni hadi Uhuru Park

Njia hii watu huidharau, na mimi naitetea kuliko zote. Ni kama kilomita nne, tambarare, karibu yote bila kiingilio. Sharti lake ni moja: nenda Jumapili asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano. Siku nyingine msongamano wa watu na magari utakunyima nafasi hata ya kusimama. Simu ikae mfukoni, uitoe unapopiga picha tu.

Anzia stesheni ya reli, kwa sababu jiji lenyewe lilianzia hapo: reli ilifika 1899 mahali palipokuwa kinamasi. Panda hadi pembe ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Hapo ni bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 213 hapa Nairobi. Majina yao yameandikwa ukutani. Soma machache kwa sauti ya chini. Wengi walikuwa watu waliokuja kazini tu.

Fuata Moi Avenue hadi karibu na jengo la Nyaraka za Taifa, kwenye sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri, amezungukwa na heroe. Alipigwa risasi barabara hiihii tarehe 5 Julai 1969. Ukitaka, ingia City Hall Way uone KICC, jumba la mikutano la ghorofa 28 lililokamilika 1973, lililosanifiwa na David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik. Kisha rudi hadi Kimathi Street. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkononi, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Hatua chache mbele, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, iliyowekwa 1928 na serikali ya kikoloni, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Sanamu hizi mbili ziko karibu kiasi kwamba unaweza kwenda na kurudi kati yake. Fanya hivyo. Mmoja alikumbukwa kwa kuwapigania Waingereza, mwingine kwa kupigana nao.

Ukipita Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ikawafungia Waafrika mlango, utafika Jeevanjee Gardens. Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa bustani hii kwa wakazi 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba juu yake, na mjukuu wake Zarina Patel akaongoza kampeni iliyouzuia. Kaa kidogo kwenye kiti, wahubiri wakiwa wameanza.

Kisha vuka Uhuru Highway uingie Uhuru Park. Ilifunguliwa 1969. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga hapa mnara wa ghorofa 60, na Wangari Maathai, yuleyule wa Karura, akaupinga hadi ukafutwa. Mwanzoni mwa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe ambayo sasa inaitwa Freedom Corner, wakidai watoto wao. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo, laana kubwa ambayo mama anaweza kumpa mtu mzima. Baadaye walihamia kanisa kuu la All Saints lililo pembeni tu mwa bustani, wakakaa katika chumba kilicho chini ya kanisa hilo karibu mwaka mzima. Na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ilizinduliwa katika bustani hiihii. Malizia matembezi hapo kanisani, chini ya miti.

Kwa miguu midogo na magoti mabovu, njia hii inashinda Karura. Kwa anayetaka hewa safi, inashindwa na zote tatu. Hilo sibishani nalo.

Mambo ya getini, na njia mbili za akiba

Karura, Arboretum na Ngong malipo ni kwa simu, na kiingilio hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, hivyo beba kitambulisho. Tangu 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja ni marufuku katika misitu na hifadhi, kwa hiyo beba maji kwenye chupa ya kudumu. Raba zenye meno zinatosha popote; Ngong ongeza sweta.

Kama Karura imejaa, kuna Oloolua huko Karen, njia fupi ya msituni yenye pango, mto Mbagathi na mafunjo, tulivu kuliko zote. Kama Arboretum imejaa, kuna City Park kule Parklands, alikozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa 24 Februari 1965, na makamu wa pili wa rais, Joseph Murumbi.

Shangazi alirudi mwaka uliofuata. Safari hii nilimuuliza, akachagua jiji. Tulianza saa mbili na nusu, tukafika All Saints saa tano kasoro, akakaa kwenye ukuta mfupi chini ya mti, akanyoosha mguu, akaniambia kwamba mwaka ule wa 1992 alikuwa akisikiliza habari za wale akina mama kwenye redio kila jioni huku akipika, na hakuwahi kujua kanisa lenyewe liko wapi. Alilitazama kwa muda mrefu. Sasa anataka Ngong. Nimemwambia gari hupanda hadi kwenye minara ya kilima cha kwanza, na kutoka hapo Bonde la Ufa linaonekana bila kupiga hatua mia.